Mwalimu wa Muziki Akihamishwa, Nani Atabaki Akiimba?



Katika shule nyingi za ukanda huu wa Ziwa Nyasa, kuanzia kwetu Talatala hadi Ipinda na Matema, habari ya muziki ina mwendo unaofanana. Anakuja mwalimu anayependa kuimba. Ndani ya muhula mmoja shule inapata kwaya. Wageni wakifika, watoto wanapangwa kwa mistari, wanaimba kwa sauti nne, mgeni rasmi anatoa bahasha, akina mama wanapiga vigelegele. Kisha barua ya uhamisho inafika. Mwalimu anafunga mizigo, anaagwa kwa chai na maandazi, anapanda gari kwenda Chunya au Songea. Muhula unaofuata kwaya inaimba nyimbo zilezile, ila kwa sauti mbili. Mwaka unaofuata haiimbi tena.

Ukiuliza kulikoni, jibu ni moja: "Mwalimu wa kwaya alihamishwa." Na kila mtu anaridhika na jibu hilo, kana kwamba ni jambo la kawaida kama mvua za masika.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ni mwanakwaya parokiani, na jibu hilo haliniridhishi. Walimu wa hesabu nao huhamishwa, lakini sijasikia shule ambayo watoto wake walisahau kujumlisha kwa sababu hiyo. Maoni yangu ni kwamba shule nyingi tunazozisifia kwa kwaya nzuri hazikuwa na jumuiya ya muziki. Zilikuwa na mwalimu mwenye kipaji, na watoto waliomzunguka. Kazi ya mwalimu wa muziki inapimwa siku ile anapokuwa hayupo, na kazi hiyo inawahusu mafrateri na waamini wa parokia kuliko wanavyodhani.

Kwaya ya wageni

Tutazame jinsi kwaya nyingi za shule zinavyozaliwa. Mwalimu anawapanga wanafunzi, anawaimbisha mmoja mmoja, anachagua 30 au 40 wenye sauti za kupendeza na kuwarudisha wengine darasani. Mtoto wa miaka 10 anayeambiwa mbele ya wenzake kwamba hana sauti hulibeba neno hilo miaka mingi. Wapo watu wazima katika jumuiya zetu ndogondogo ambao hawafungui kinywa wakati wa Misa, na ukikaa nao vizuri watakutajia darasa walilokuwemo walipoambiwa hivyo.

Wale waliochaguliwa wanakaririshwa. Mwalimu anaimba mstari, wao wanarudia, mpaka wimbo unashika. Kukariri si jambo baya. Wazee wetu walirithishana nyimbo kwa masikio, na nyimbo hizo zimedumu kuliko madaftari mengi. Tatizo linakuja pale mtu mmoja tu anapokuwa ndiye chanzo cha kila wimbo, cha kila sauti na cha kila mapigo. Mwalimu huyo akiondoka, anaondoka na kisima.

Tena kwaya ya namna hii ina kazi moja, nayo ni kupokea wageni. Mazoezi yanaanza wiki mbili kabla ya ugeni na kukoma siku ya pili yake. Watoto wanajifunza kwamba muziki ni kitu cha kumwonyesha mkubwa fulani. Hawajifunzi kwamba ni kitu cha kuishi nacho wenyewe, wakiwa njiani kutoka kisimani, shambani kwenye mpunga, au kanisani Jumapili ambayo hakuna askofu wala kamera.

Tunacho kielelezo hapahapa

Sisi Wanyakyusa tuna neno ukwangala. Leo vijana hulitumia kwa kutembeleana na kupiga soga, lakini uzito wake ni mkubwa zaidi. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti katika nchi yetu pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alilipa neno hilo nafasi kubwa katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951. Alieleza jinsi wavulana wa rika moja, wakiwa na umri wa kama miaka 10, walivyotoka majumbani mwa baba zao wakajenga vibanda pamoja, wakakua pamoja, wakaoa na kuzeeka wakiwa majirani wa kijiji kimoja. Walichokitafuta ni ukwangala: kukaa na wenzako kwa furaha na heshima, kula pamoja, kuzungumza, kufunzana. Mtu wa kula peke yake hakusifiwa.

Vijiji vya rika vimepita, na sitamani virudi kama vilivyokuwa. Lakini ukwangala haujafa, na ukitaka kuuona katika muziki nenda mahali ing'oma inapopigwa. Ngoma kubwa zinaunguruma pamoja, kila mpigaji na sehemu yake, vipenga vinaita, miguu inajibu. Watoto wanasimama pembeni. Mmoja anapiga mapigo hayo kwenye dumu la maji, mwingine kwenye paja lake. Hakuna aliyewafanyia usaili. Mmoja wao akishika vizuri, mkubwa wake anampisha kidogo ajaribu. Kikundi hakivunjiki kwa sababu mpigaji hodari amehamia Mbeya mjini kutafuta kazi, maana waliojifunza jana wanawafundisha wa leo, na watu wanaona raha kuwa pale.

Hapo ndipo mwalimu wa muziki anayefika Kyela kwa mara ya kwanza angefaa kuanza kujifunza. Amefika mahali ambapo watu wanajua kujenga jumuiya ya muziki isiyotegemea mtu mmoja. Kinachokosekana ni daraja la kuuvusha ujuzi huo uingie shuleni.

Kanisa limeshasema

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya idara ya elimu na si ya gazeti la seminari. Nawaomba wasome upya Katiba ya Liturujia, Sacrosanctum Concilium, iliyotangazwa tarehe 4 Desemba 1963. Sura yake ya 6 inahusu muziki mtakatifu. Namba 114 inataka kwaya zistawishwe, na papo hapo inawataka wachungaji wahakikishe kwamba waamini wote wanashiriki kuimba sehemu iliyo yao. Namba 115 inataka mafundisho na mazoezi ya muziki yapewe uzito katika seminari, katika nyumba za malezi ya watawa, na katika shule na taasisi nyingine za Kikatoliki. Namba 119 inazungumzia nchi za misheni kama zetu: watu wenye mapokeo yao ya muziki waheshimiwe mapokeo hayo, na wamisionari waandaliwe ili, kadiri inavyowezekana, waweze kuuendeleza muziki wa asili wa watu hao shuleni na katika ibada.

Shule imetajwa bega kwa bega na altare. Mababa wa Mtaguso walijua kwamba kanisa haliwezi kuimba Jumapili kitu ambacho watoto hawakukionja siku za wiki. Hati ya Musicam Sacram ya tarehe 5 Machi 1967 ilikwenda mbele zaidi na kukataa desturi ya kuiachia kwaya peke yake nyimbo zote za Misa huku waamini wakiwa watazamaji.

Na hatukusubiri wageni watutafsirie. Padre Stephen Mbunga, mwana wa kusini mwa Tanzania, alichapisha mwaka uleule wa 1963 kitabu Church Law and Bantu Music, akichambua sheria za Kanisa kuhusu muziki mtakatifu na kuzipima na muziki wa Kibantu. Zaidi ya miaka 60 imepita. Kama bado tunasitasita kuingiza ngoma ya kwetu katika somo la muziki la mtoto wa kwetu, hatuwezi kusema kwamba Kanisa ndilo lililotuzuia.

Walimu wawili waliobaki bila kuwepo

Kila asubuhi ya gwaride watoto wetu wanaimba wimbo wa taifa. Wachache wanajua kwamba melodia yake ilitungwa na mwalimu wa shule. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu katika shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, na alikuwa na kwaya ya wanafunzi wake. Mwaka 1897 alitunga wimbo uliokuja kujulikana kama Nkosi Sikelel' iAfrika. Hakuutungia taifa lolote. Aliwatungia watoto waliokuwa mbele yake. Aliandika nyimbo zake katika daftari la shule, kwa noti za do, re, mi. Mwaka 1905 alifariki dunia akiwa kijana wa miaka 30 na ushee.

Wimbo haukuzikwa naye, kwa sababu vinywa vingine vilikuwa vimeshaushika. Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na John Dube, iliusambaza. Mwaka 1912 uliimbwa katika mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC. Mwaka 1961 Tanganyika ilipopata uhuru ikauchukua kwa maneno ya Kiswahili. Lakini daftari la Sontonga lilipotea baadaye, na sehemu kubwa ya nyimbo zake nyingine ikapotea pamoja nalo. Mwalimu yuleyule anatufundisha mambo mawili. Wimbo ulioingia katika vinywa vya wengi ulivuka bahari ya miaka. Nyimbo zilizobaki katika daftari la mtu mmoja zilizama.

Mwalimu wa pili ni wa zamani zaidi. Guido wa Arezzo, mmonaki wa Italia wa karne ya 11, alifundisha watoto wa kwaya. Aliwahurumia kwa jinsi walivyotumia miaka mingi kukariri nyimbo za Kanisa kutoka kinywani mwa mwalimu, na bado wasiweze kuimba wenyewe antifona mpya hata moja. Akatafuta njia. Alichukua tenzi ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambayo kila sehemu yake huanza juu kidogo kuliko iliyotangulia, na kutokana na silabi zake akapata ut, re, mi, fa, sol, la. Aliboresha pia uandishi wa noti juu ya mistari. Yeye mwenyewe aliandika kwamba kazi iliyochukua miaka 10 sasa iliwezekana kwa mwaka 1, au 2 ikizidi sana.

Tunapofundisha do, re, mi pale Talatala, tunatumia chombo kilichobuniwa na mwalimu aliyetaka wanafunzi wake wasimhitaji tena. Noti ni uhuru wa mwimbaji. Mtoto anayezisoma anaweza kufungua kitabu chochote cha nyimbo na kuimba wimbo ambao hakuna mtu kijijini aliyewahi kuusikia.

Yanayowezekana kwa ubao na chaki

Sasa niseme ninachokipendekeza, maana maoni bila njia ni kelele.

Kwanza, darasa zima liimbe kabla ya kuchagua kwaya. Dakika 20 kila asubuhi zinafaa kuliko saa 2 za Jumamosi, hasa kwetu ambako masika yanafunga njia na msimu wa mavuno ya mpunga unawabakiza watoto shambani. Asiyelenga sauti akae katikati ya wanaolenga, asisimamishwe peke yake. Wengi sikio linafunguka baada ya miezi. Wavulana wa darasa la 6 na la 7 waambiwe mapema kwamba sauti zao zitavunjika na kwamba ni kukua tu, wapewe sehemu nyepesi ya chini au ngoma, wasije wakaona aibu na kuacha kabisa.

Pili, noti zifundishwe tangu darasa la 3, kidogo kidogo, kwa ngazi ya do hadi do iliyoandikwa pembeni mwa ubao na kwa alama za mkono. Wimbo mmoja kila mwezi usomwe kwa noti kabla ya kusikilizwa. Hatua hii ni ya polepole na haifurahishi wageni. Ndiyo maana wengi wetu tunairuka.

Tatu, watoto wafundishe watoto. Kila sauti iwe na viongozi 2, mmoja wa darasa la juu na mmoja wa darasa la chini, ili mkubwa akimaliza shule mdogo ameshaiva. Kila muhula wimbo mmoja ufundishwe na wanafunzi wenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, mwalimu akiwa amekaa nyuma kabisa na mdomo umefungwa. Utaimbwa na makosa. Uachwe uimbwe hivyo.

Nne, kuwe na daftari la nyimbo la shule, likae ofisini kwa mwalimu mkuu pamoja na rejesta, lisiwe mali ya mwalimu wa muziki. Kila wimbo uandikwe noti zake, maneno yake, na kwa ngoma, maelezo ya nani anaanza na nani anajibu. Sontonga angekuwa na daftari la pili mahali pengine, leo tungeimba nyimbo zake nyingi zaidi.

Tano, wazee waitwe. Mpigaji wa ing'oma aje mchana, uwanjani, awaonyeshe watoto mapigo na heshima zake. Bibi aje afundishe nyimbo za kubembeleza mtoto na za kupura mpunga, kwa Kinyakyusa chetu. Watoto waziandike. Naomba tusingoje mpaka bibi huyo awe tangazo la msiba ndipo tukumbuke kwamba alijua kuimba.

Kwa shule ya serikali kuna la ziada. Darasa letu lina watoto Wakatoliki, Wamoravian, Walutheri, Wapentekoste na Waislamu. Somo la muziki lisigeuzwe katekesi. Nyimbo za asili, za watoto na za taifa zinatosha kufundisha kila kitu ambacho muziki unahitaji. Parokia haipotezi chochote, kwa kuwa mtoto aliyejua noti darasani atakuja nazo kanisani bila kusukumwa. Na tukubali kujifunza kwa majirani: Wamoravian na Walutheri waliofika Unyakyusa tangu mwaka 1891 wameendeleza bendi za matarumbeta ambamo kijana humkabidhi kijana chombo. Uimara wao una sababu, na sababu hiyo ni ileile ya ing'oma.

Hoja za upande wa pili

Hoja ya kwanza ni ya mtihani. Mwalimu mkuu anaulizwa matokeo ya darasa la 7, haulizwi kwaya. Ninaiheshimu hoja hii kwa sababu anayeisema ndiye anayebeba lawama. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 una somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi, hivyo muziki si kitu cha kuiba muda. Lakini siegemei mtaala peke yake. Kila shule ina mtoto ambaye hesabu zimemshinda, Kiingereza kimemshinda, na anakuja shuleni akijua kwamba leo tena atakuwa wa mwisho. Mpe mtoto huyo ngoma ambayo darasa zima linategemea mapigo yake. Amepata sababu ya kuamka asubuhi. Dakika 20 si bei kubwa kwa hilo.

Hoja ya pili ni ya fedha: hatuna kinanda. Napenda kinanda, na parokia yenye mpigaji aliyefundishwa imebarikiwa. Ila tuseme ukweli kuhusu matumizi yetu. Kwaya zetu huchangisha kwa bidii sare mpya na kurekodi video, kisha kwaya hiyohiyo haina daftari la noti wala mtoto hata mmoja anayefundishwa. Na kinanda kikiwekewa mapigo yake ya kubonyeza, watoto watano waliokuwa wakipiga ngoma, kayamba na njuga wanakaa chini kutazama. Tumenunua chombo kimoja na kupoteza wanamuziki watano. Nashauri fedha za kwanza ziende kwenye ngozi za ngoma na madaftari, kinanda kifuate, na siku kitakapokuja wawepo wawili wanaojifunza kukipiga.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi. Wazazi wengi wema wanaiogopa ing'oma kwa sababu wameiona mahali penye pombe, usiku wa manane, na maneno yasiyofaa watoto. Hofu yao ina msingi, na mwalimu atakayeidharau atapoteza imani yao. Kwa hiyo ing'oma ya shule ipigwe mchana, mbele ya wazazi, kwa maneno yaliyochaguliwa. Kuhusu ibada, si kila mapigo yanafaa kila sehemu ya Misa, na uamuzi una wenyewe katika Kanisa. Shangwe ya matoleo si ukimya baada ya Komunyo. Lakini pombe haimo ndani ya ngozi ya ngoma. Imo katika mahali na wakati tulioiacha ngoma hiyo iende, baada ya sisi kuifungia mlango.

Hoja ya nne haisemwi hadharani, nayo ni yetu sisi walimu. Ni utamu wa kuhitajika. Watoto wanapokukimbilia, mwalimu mkuu anapokusifu mbele ya afisa elimu, padre anapokuita kwa jina mwisho wa Misa, ni vigumu kumfundisha mtoto wa darasa la 5 asimame mahali pako. Kusikia kwamba kwaya imekufa baada ya wewe kuondoka kunaweza hata kukufurahisha kwa siri, kama ushahidi kwamba ulikuwa mkubwa. Hapa namkumbuka Yohane Mbatizaji, ambaye tenzi yake ilimpa Guido zile silabi. Alifurahi kupungua ili mwingine akue. Sijui msimamizi anayemfaa mwalimu wa muziki kuliko huyo, na sikukuu yake ya tarehe 24 Juni inaangukia mwaka wa shule ukiwa katikati, wakati mzuri wa kujiuliza nani mwingine ameshaweza kuongoza.

Kwenu mafrateri, kwenu waamini

Ndugu mafrateri, wengi wenu mtakuwa maparoko, na baadhi mtakabidhiwa shule. Jifunzeni noti sasa, mkiwa na muda na walimu. Mkija likizo, kijana wa seminari hupewa kwaya mara moja na watu humsifu. Ipokeeni kazi hiyo, lakini msirudi seminarini kabla hamjawaacha vijana wawili wa kigangoni wanaoweza kuimbisha zaburi ya wimbo wa katikati bila ninyi. Na siku mtakapoketi na mwalimu wa muziki wa shule yenu, swali la kwanza lisiwe kwaya ina watu wangapi. Mwulizeni: ukihamishwa kesho, nani ataanza wimbo?

Ndugu waamini, nanyi mna sehemu yenu. Mpeni mtoto wa Utoto Mtakatifu Jumapili za kawaida, si siku ya watoto peke yake. Mkichangia muziki wa shule, ulizeni kuhusu ngoma na madaftari kabla ya sare. Anapomaliza darasa la 7 na sauti imemkwaruza, msimwache aelee. Huo ndio mwaka tunaowapoteza wengi. Kwaya ya parokia imwite akae nyuma ya besi, hata kama mwaka mzima atatoa sauti ya chura. VIWAWA nao wanaweza kumpokea. Na lile neno "huna sauti" tukubaliane lisitamkwe tena katika nyumba zetu.

Uhamisho hautakoma. Mwalimu ni mtumishi na barua yake inaweza kuja wiki yoyote, kama ilivyo kwa padre. Hatuna mamlaka juu ya barua hiyo. Tunayo mamlaka juu ya muhula huu ulioko mikononi mwetu, na hata muhula mmoja unatosha kuwafundisha watoto 2 kushika sauti na kuwapa wengine, kuandika nyimbo 10 katika daftari la shule, na kumleta mzee mmoja na ngoma yake uwanjani. Mwalimu atakayefuata, hata kama hajui kuimba, atakuta watoto wanaomwomba tu afungue mlango wa darasa asubuhi.